Kuongoza safari za umisheni za vijana nje ya nchi: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: iwapo mlezi wa vijana aliyeombwa na kanisa lake kuongoza safari za umisheni nje ya nchi kwa kiangazi kizima akubali, na iwapo safari hizo zinamfaa mtu yeyote zaidi ya wale wanaosafiri. Nimewahi kuifanya kazi hiyo kwa msimu mzima, nikipokea kikundi kimoja baada ya kingine cha vijana wa sekondari na wa miaka ya mwanzo ya chuo. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ni huduma ninayoipenda na ninaamini kwamba inaweza kufanywa vizuri.

Nianze na swali la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza. Kwa niliyoyaona, safari hizi huwafaa wenyeji pale tu kikundi kinapokubali kuwa chini ya kanisa mwenyeji, tangu kupanga ratiba hadi kuamua nani asimame kunena. Mchungaji wa mahali pale alikuwepo kabla vijana hawajashuka kwenye ndege, na ndiye atakayebaki akibatiza, akifundisha, akizika na kupatanisha waliogombana baada ya wageni kuondoka. Wale wanafunzi sabini ambao Yesu aliwatuma katika Luka 10 waliagizwa wakae katika nyumba iliyowapokea na kula walichoandaliwa, wala wasihamehame. Agizo hilo linamweka mjumbe mikononi mwa mwenyeji wake. Paulo na Barnaba nao walitumwa na kanisa la Antiokia, na waliporudi walilikusanya kanisa hilohilo wakatoa taarifa.

Kuna ushahidi unaopaswa kumfikirisha kila kiongozi. Kimbunga Mitch kilipoiharibu Honduras mwaka 1998, vikundi vingi kutoka Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba za waathirika. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek alilinganisha familia zilizojengewa na vikundi hivyo na zile zilizojengewa na mashirika ya Kikristo ya nchini humo, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006 hakuona tofauti kubwa katika maisha ya familia hizo, ilhali gharama ya kukisafirisha kikundi kimoja ilizidi mara nyingi gharama ya nyumba yenyewe. Sioni kwamba jambo hilo linazifuta safari hizi, lakini linaniambia kwamba kijana asipelekwe ng'ambo kufanya kazi ambayo fundi wa pale anaifanya vizuri zaidi na anaihitaji ili alishe watoto wake. Mchungaji mmoja aliyetupokea alilijua hilo kuliko sisi. Aliomba ujira wa fundi na vibarua wake uingizwe katika bajeti ya safari, kisha vijana wafanye kazi chini ya fundi huyo, wakichanganya zege na kubeba matofali kwa amri yake. Vijana waliozoea kuonekana vichwa darasani walijifunza kuelekezwa na mtu ambaye hawakuweza kuzungumza naye bila mkalimani, na sijui somo la unyenyekevu ambalo ningeweza kulihubiri likafika mbali hivyo.

Kuhusu vituo vya kulelea yatima, msimamo wangu ni mkali na siuombei radhi: usiwapeleke vijana huko kucheza na watoto kwa siku chache. Watoto wengi katika vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na fedha za wageni zimekuwa sababu mojawapo ya watoto kutolewa majumbani kwao. Australia ilitambua biashara hiyo kuwa aina ya utumwa mamboleo mwaka 2018, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likagusia madhara ya watu kujitolea katika vituo hivyo katika azimio lake la Desemba 2019. Hata pasipokuwa na udanganyifu wowote, mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila juma na kuachwa kila juma anaumizwa. Sisi tulihudumu kwa watoto kupitia walimu wa shule ya Jumapili wa kanisa mwenyeji. Walimu walifundisha na vijana wetu waliwasaidia. Hakuna mtu mzima aliyebaki peke yake na mtoto, wala picha ya mtoto haikupigwa bila idhini ya mzazi wake.

Uinjilisti unahitaji uangalifu huohuo. Kijana anayetoa ushuhuda wake kupitia mkalimani aketi naye jioni iliyotangulia, amsimulie habari nzima, afupishe sentensi na kuondoa misemo isiyovuka lugha. Mkalimani pia apumzishwe, kwa kuwa akichoka ujumbe unaharibika pasipo mtu yeyote wa kikundi kujua. Mikono inayoinuliwa mwishoni mwa mkutano isihesabiwe kuwa mavuno, kwani watu wengi, hasa watoto, humwinulia mgeni mkono kwa adabu tu. Taarifa nilizotuma kwa kanisa zilieleza tulichofanya na majina ya waliotupokea, lakini habari za waliookoka niliziacha kwa mchungaji, ambaye angewaona Jumapili zilizofuata.

Tena fahamu sheria ya nchi unayokwenda. Nchini Nepal, sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 2018 inamweka mtu anayemgeuza mwingine dini katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 5, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya kukitumikia. Katika mazingira ya namna hiyo, neno moja la kijana mwenye ari linaweza kuwaletea matatizo washirika ambao hawana ndege ya kuondokea. Mchungaji mwenyeji akisema jambo fulani lisisemwe hadharani, basi lisisemwe, hata kama kijana ataona kwamba anazimwa roho.

Mambo ya nyaraka nitayapita haraka: pasipoti iwe na muda wa angalau miezi 6 mbele, idhini ya wazazi iwe imethibitishwa kisheria kwa kila aliye chini ya miaka 18, na bima igharimie kusafirishwa kwa mgonjwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinadumu maisha yote. Jambo linalosahauliwa sana ni dawa za kuzuia malaria, ambazo huendelea kumezwa baada ya kurudi: mchanganyiko wa atovaquone na proguanil kwa siku 7, doxycycline kwa majuma 4. Kijana akishafika kwao huona hatari imekwisha, kwa hiyo zungumza na mzazi wake, na umweleze kwamba homa yoyote itakayotokea baadaye daktari aambiwe kuwa mgonjwa alisafiri. Kwa anayeharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitamsaidia akiwa njiani kufika kwa daktari.

Ndani ya kikundi penyewe, siku ngumu huja baada ya msisimko wa mwanzo kupoa. Usingizi umepungua, tumbo halijazoea, na waliokuwa marafiki wanaanza kununiana. Kila jioni tulikuwa na kikao kifupi, na swali nililoona linazaa kuliko yote lilikuwa hili: ni nani aliyekuhudumia leo? Mwanzoni walinyamaza, kwa kuwa walikuja wakijihesabu kuwa ndio wahudumu. Baada ya siku kadhaa walianza kuwataja mama aliyeamka kabla ya mapambazuko kuwachemshia maji, kijana wa kwaya aliyewasindikiza gizani, mzee aliyewaombea kwa muda mrefu katika lugha wasiyoijua. Kutoka hapo sala zao zilibadilika. Waliwaombea watu kwa majina na kuacha kuiombea nchi ile kama mahali pa giza tupu.

Utampata pia kijana anayelemewa na kutaka kurudi nyumbani. Usimwaibishe. Yohana Marko aliwaacha wenzake njiani, Paulo akakataa kumchukua tena, lakini Barnaba alimchukua, na miaka baadaye Paulo huyohuyo aliandika kwamba Marko anamfaa kwa utumishi. Msichana mmoja aliyekuwa akilia kila usiku tulimpa kazi ya jikoni pamoja na akina mama wa kanisa, mbali na umati, naye akamaliza safari akiwa amejifunza nyimbo zao nyingi kuliko mtu mwingine yeyote kikundini.

Sasa swali lako la kwanza. Kubali, ikiwa kanisa lako litakupa kiongozi mwenza wa jinsia nyingine na siku za kupumzika kati ya kikundi na kikundi, maana kikundi cha mwisho kina haki ya kumpata kiongozi mwenye subira ileile aliyokuwa nayo kwa kikundi cha kwanza. Omba pia uione barua ya mwaliko kutoka kwa kanisa mwenyeji. Ikiwa haipo, na safari imebuniwa na upande wenu peke yenu, ningekushauri usubiri. Barua ikiwepo, zungumza na mchungaji huyo kabla ya kuandika ratiba, na umuulize kanisa lake lingekuwa likifanya nini mwezi huo kama msingekuja. Lolote atakalolitaja, liwe ni semina ya vijana, ziara za wagonjwa au ukarabati wa paa, muombe vijana wako waungane nalo. Na akikueleza kwamba mwezi huo washirika wake wote wako mashambani wakivuna, sogeza tarehe zenu mbele.