Unakwama Walawi Kila Mwaka? Majibu kwa Wasomaji wa Biblia, Moshi na Arusha

*Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kila Januari naanza Mwanzo, kila mwaka nakwama Mambo ya Walawi. Nifanyeje?* (Msomaji, Majengo, Moshi)

Ameni. Mko wengi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na ushei kila siku. Mwanzo inakwenda yenyewe, maana ni visa vya watu: Yakobo na Esau, Yusufu na nduguze. Kutoka nayo ni mbio mpaka Sinai. Kisha yanakuja mapazia na vitanzi vya hema, na kuanzia sura ya 35 unasimuliwa tena jinsi vilivyotengenezwa. Ukifika Walawi umechoka, ukiruka siku mbili una deni la sura saba, na deni hilo ndilo linalokufanya ufunge kitabu.

Achana na mbio za kalenda. Anza na Marko, sura 16 tu, kisha Agano Jipya lililobaki. Lote lina sura 260: sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka umekwisha, na Jumamosi unafidia ulipokosa. Baadaye rudi Walawi. Sura ya 16 isome pamoja na Waebrania 9, utaona kuhani mkuu na ile damu vilikuwa vinaelekea wapi. Sura ya 19 usiikimbie. Humo ndimo mlimo "umpende jirani yako kama nafsi yako", na mistari michache kabla yake wenye mashamba wanaamriwa wasivune hadi pembeni, wala wasiokote zabibu zilizoanguka, ziwe za maskini na mgeni. Mwenye kihamba cha kahawa akisoma hapo sidhani kama atasinzia.

*Mume wangu kila asubuhi anafungua Biblia popote, anaweka kidole, na mstari huo ndio neno letu la siku. Kuna ubaya?* (Mama wa watoto wawili, Sakina, Arusha)

Dada, shemeji analipenda Neno, na hilo nampongezea. Lakini kidole hakijui kilichoandikwa mstari wa juu. Chukua Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", tunaoupenda sana kwenye kadi na mahafali. Mstari wa 10 unasema miaka sabini. Ile ni barua kwa mateka walioko Babeli, wakiambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao huko huko. Watu wazima wengi waliosomewa barua ile hawakuiona tena Yerusalemu. Ahadi haijapungua, ila sasa unajua ilivyo nzito. Wafilipi 4:13 nao, "nayaweza mambo yote", umeandikwa na mtu aliye kifungoni, na mstari uliotangulia unataja kushiba na kuona njaa. Ukiutumia kuombea tenda, umemnyang'anya Paulo maneno yake.

Mwambie aweke alama kwenye ukurasa, kesho aendelee alipoishia. Kwa upole lakini, maana wanaume hatupendi kusahihishwa kabla ya chai.

*Tumsifu Yesu Kristo. Kila Jumapili Misa ina masomo matatu na zaburi. Kusoma nyumbani kuna haja gani?* (Kijana, Kibosho)

Milele, amina. Masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na Agano la Kale unalipata vipande vipande. Kanisa lako lenyewe linakutaka usome: hati Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, inawahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara, ikimnukuu Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Injili ya Jumapili ijayo isome tangu Jumatatu. Siku ya jumuiya utakuwa na la kusema kabla hamjafika kwenye michango.

*Ni mpagazi mlimani. Biblia ni mzigo, simu inatosha?*

Inatosha. Pakua toleo linalosomeka bila intaneti, kisha uweke simu katika hali ya ndege. Chaji itadumu, na WhatsApp haitakuita.

*Nafungua genge Mbuyuni alfajiri, narudi saa tatu usiku. Nikishika Biblia nasinzia. Mungu ananihesabia?*

Hapana, mama. Saa tatu usiku si saa yako. Soma zaburi moja pale gengeni mchana, wateja wakipungua. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu. Ya 119 ina 176, hiyo iache mpaka Jumapili.

*Bibi yangu Machame alikuwa akisoma kila siku, sasa macho hayaoni. Analia.* (Mjukuu, Arusha)

Ufunuo 1:3 inawabariki asomaye na wanaosikia pia, na nyaraka za Paulo zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa, kama Wakolosai 4:16 inavyoagiza. Zipo Biblia za maandishi makubwa, na za sauti za kuweka kwenye simu. Ila kabla hujanunua chochote, panda Machame umsomee mwenyewe. Muulize aliishia wapi, uanzie hapo, na usiruke neno, maana atakugundua.