Umepigwa KO (ngumi ya kukuzimisha) Jumamosi? Jumatatu usirudi sparingi (pambano la mazoezi)

Mkuu, umesema kocha anataka uvae glavu Jumatatu ili woga usikuingie. Nakusihi usiende. Kosa hilo nimelifanya mimi.

Mwaka 2019 nilikula ngumi ya kidevu raundi ya pili, nikazima. Siku tano baadaye nilikuwa kwenye sparingi. Wiki tatu kichwa kiliuma, mwanga wa simu ukanichoma macho, nafika dukani nimesahau nilichotumwa. Daktari alinieleza kuwa ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na mtu akafa. Ndiyo maana Marekani aliyepigwa KO hufungiwa siku 30, 60, hata zaidi. Ukitapika, ukisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, nenda hospitali leo hii.

Daktari akikuruhusu, anza kukimbia taratibu, kisha kuruka kamba, kisha kupiga begi. Dalili zikirudi, rudi nyuma hatua moja. Sparingi iwe ya mwisho kabisa.

Sasa huo woga. Mtazame Francis Ngannou wa Kamerun, mpiganaji wa MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Januari 2018, Boston, Stipe Miocic, bingwa wa uzito wa juu wakati huo, alimwangusha chini mara kwa mara. Ngannou alikuwa amemaliza nguvu mapema akitafuta KO, pumzi ikakata, akashindwa kwa pointi baada ya raundi tano. Julai akapanda na Derrick Lewis akiwa ameganda, karibu hatupi ngumi, ukumbi ukazomea, akashindwa tena. Mwenyewe alikiri kwamba aliingia na hofu ya pambano lililopita. Kwa hiyo kipigo kimoja kilimgharimu mapambano mawili.

Novemba hiyohiyo alimmaliza Curtis Blaydes kwa sekunde 45. Machi 2021 akarudiana na Miocic. Wengi wanakumbuka KO aliyompiga raundi ya pili akatwaa mkanda. Mimi narudia raundi ya kwanza: Miocic anaifuata miguu ili amwangushe, Ngannou anairudisha nyuma na kumlalia kwa uzito wote. Palepale alipofia 2018! Januari 2022, goti likiwa bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa kumwangusha yeye. Mtu wa ngumi anatetea mkanda kwa mieleka. Hiyo ni kazi ya miaka, na inanisisimua kila nikiitazama.

Yangu ilikuwa ndogo zaidi. Nilipopona, kocha alinikalisha tukatazama video. Kila nikipiga teke, mkono wa kulia unashuka. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba jamaa alibahatisha. Kumbe alikuwa ameusubiri mkono ule tangu raundi ya kwanza. Miezi miwili tulifanya hilo tu: napiga teke, mwenzangu ananigusa kidevu kwa pedi mkono ukishuka. Inachosha, lakini mkono ulibaki juu. Pambano lililofuata nilishinda kwa pointi.

Video yako ihifadhi. Itazame na kocha ukiwa umepoa, na kabla ya hapo mwambie waziwazi jinsi kichwa kinavyojisikia.