Mchoro wa Gillray: asili au nakala?

Ndugu, umesema umenunua London mchoro wa kuchapwa wa 1792 wa Gillray, mchora katuni wa Kiingereza: Mfaransa aliyekonda anatafuna vitunguu vibichi akiusifu uhuru, Mwingereza mnene anakata pande la nyama huku akilaani kodi. Unauliza kama ni wa asili.

Anza na kioo cha kukuzia. Ukiona nukta ndogondogo zilizojipanga, hiyo ni nakala ya kisasa. Papasa taratibu pembezoni. Bamba la shaba lililochongwa mchoro na kutumika kuuchapa huacha alama iliyobonyea kwenye karatasi. Geuza nyuma pia: ukikuta mchoro mwingine, huenda ni toleo la baadaye, la mchapishaji Bohn la 1851, lililochapwa kwa mabamba yale yale ya Gillray.

Nakuomba sana, usiufute wala kuubandika selotepu. Kabla ya kuuza, muone mtaalamu wa michoro ya kale.