Je, Mombasa Ilitawaliwa na Corregidor?

SWALI: Mhariri, salamu. Nilipowapeleka wanafunzi Fort Jesus tulielezwa kwamba ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania. Je, Mombasa nayo ilikuwa na mkuu wa wilaya aitwaye corregidor, kama Peru, koloni la Uhispania huko Amerika Kusini? Madaraka yake yalikuwa yapi?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Hapana, Mwalimu. Ni kweli kwamba kuanzia 1580 hadi 1640 Uhispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja, lakini mwaka 1581, mjini Tomar, Felipe aliwaahidi Wareno kwamba vyeo vya himaya yao vingebaki mikononi mwao, na ndiyo sababu Mombasa ilipata kapteni Mreno aliyepokea amri kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Corregidor aliwekwa katika wilaya za wenyeji wa Peru mwaka 1565 na gavana Lope García de Castro. Huko Meksiko, koloni jingine la Uhispania, wengi wenye kazi kama hiyo waliitwa alcalde mayor. Corregidor peke yake alisikiliza kesi, alikusanya kodi na kuhakikisha wanaume waliolazimishwa kufanya kazi kwa zamu wanapelekwa Potosí, kwenye migodi ya madini ya fedha. Mshahara ulikuwa mdogo, na tangu mwaka 1678 Mfalme alianza kukiuza cheo chenyewe, hivyo wengi waliingia wilayani wakiwa na madeni. Hapa ningeomba wanafunzi wako watulie kidogo, kwa kuwa ndipo dhuluma ilipozaliwa: ili arudishe fedha zake, corregidor aliwagawia wanakijiji nyumbu na vitambaa kwa lazima, kwa bei aliyojipangia, na aliyeonewa akitaka kushtaki, hakimu wa wilaya alikuwa ni huyo huyo aliyemuuzia. Badala ya kuikomesha, serikali iliihalalisha biashara hiyo mwaka 1751.

Novemba 1780, Túpac Amaru wa Pili, chifu aliyemiliki misafara ya nyumbu, alimkamata Antonio de Arriaga, corregidor wa Tinta karibu na Cuzco, akaamuru anyongwe hadharani, na uasi ukaenea milimani. Mwaka 1784 Peru iligawanywa upya chini ya maintendente, yaani wakuu wa mikoa wa Mfalme waliochukua nafasi ya mfumo wa corregidor, Meksiko ikafuata mwaka 1786. Wasaidizi wao wa wilayani walikatazwa kuwauzia watu bidhaa kwa nguvu, lakini kwa kuwa malipo yao yalikuwa ni fungu dogo tu la kodi waliyokusanya, wengi waliiendeleza biashara ile ile kwa siri.