Aliyefunga Hakagui

Jumapili moja ya Novemba, mvua ikiwa imetupumzisha kwa siku mbili, nilifungua gurudumu la nyuma la pikipiki yangu uani kwetu Umoja. Nikatoa viatu vya breki vilivyokwisha, vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu kulisimamisha, nikaweka vipya, nikafunga. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara tano au sita kabla. Nikakanyaga pedali, gurudumu likashika, nikaachilia, likazunguka. Nikaenda kunawa mikono.

Jirani yangu wa chumba cha chini ni mtu wa boda wa miaka mingi. Alichuchumaa kando ya pikipiki, akawasha tochi ya simu, akaanza kutazama bila haraka. Kisha akaniita.

"Kijana, hebu kuja. Hii nati mbona naizungusha na kidole?"

Ilikuwa nati ya kile chuma kirefu kinachoshikilia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Niliirudisha kwa vidole nikisubiri spana iliyokuwa imeazimwa, halafu nikasahau. Pini yake, ile ndogo ya kupinda ncha, bado ilikuwa kwenye kifuniko cha chupa pale chini. Kama huijui sehemu hiyo, jua hivi: nati ikidondoka njiani, chuma kinachomoka, na siku utakapokanyaga breki, sahani nzima itabebwa na gurudumu, ivute na fito ya breki, na gurudumu la nyuma ligande papo hapo. Kesho yake asubuhi ningekuwa Jogoo Road, nimezungukwa na matatu.

Tangu hapo ploti yetu ina sheria moja: aliyefunga hakagui. Ukishughulikia breki, mtu mwingine anazipitia nati zote kwa spana mkononi, anatafuta kila pini, anakanyaga na kuvuta, ndipo pikipiki inatoka getini. Haijalishi una uzoefu gani. Macho ya aliyefanya kazi yanaona alichokusudia kufanya, na mimi siku ile ningeapa kwamba nati nimeikaza.

Tuko watu wanne wenye pikipiki, na vifaa tumevichanga: seti ya spana, plaisi, bisibisi, brashi, kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Si vitu vya bei. Kilicho adimu ni mtu wa pili, na ndiyo maana nawasihi msifanye kazi hii peke yenu usiku kwenye korido.

Breki za dramu, zile za viatu, za pikipiki nyingi aina ya Boxer mnazoziona stejini, ndizo rahisi kuanza nazo. Ukitoa gurudumu utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Viatu vingine, hasa vya zamani, vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, pangusa, kitupe. Halafu tazama kamu, kile chuma kinachopanua viatu ukikanyaga pedali. Hapa Nairobi, kati ya vumbi la Januari na matope ya Aprili, kinashika kutu na kuwa kizito, na mwenye pikipiki anaendelea kukaza nati ya nje akidhani viatu vimekwisha. Kisafishe, kipake grisi kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi hapo, joto litaiyeyusha ifike kwenye viatu, na kiatu kilichoingia grisi ni cha kutupa. Kukikwangua kwa msasa hakukiponyi.

Viatu vipya viweke sambamba na vya zamani kabla hujavifunga: upana, matundu ya springi, na jinsi ile ngozi ya msuguano ilivyogundishwa kwenye aluminiamu. Tulipata jozi moja ambayo ukucha uliingia kati ya ngozi na chuma. Tulirudi nayo Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Kuhusu kukaza, pikipiki nyingi zinataka pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Kagua pikipiki ikiwa juu ya stendi: gurudumu lizunguke huru. Likikwaruza mfululizo, umekaza kupita kiasi na dramu itachemka.

Breki ya diski, ile ya pedi zinazobana diski ya chuma, ndiyo inayotaka mikono minne. Pedi zenyewe hubadilishwa upesi. Ngozi ikibaki chini ya milimita 2 hivi, usisubiri. Ila ukishasukuma ndani pistoni za kalipa, kile kibanio cha pedi, ili pedi mpya ziingie, mkono wa breki unakuwa hauna kitu. Ukiuvuta mara ya kwanza unafika hadi kwenye usukani. Kwa hiyo pampu kwanza, mara tano, mara kumi, mpaka uwe mgumu, pikipiki ikiwa bado kwenye stendi. Sisi huyu anayekagua ndiye anayeshika ufunguo mpaka auvute mkono huo mwenyewe.

Mkono ukiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mfumo. Mmoja anakaa juu, anapampu kisha anashikilia. Mwingine yuko chini na spana, amevisha mpira kwenye nati ndogo ya kalipa, ncha ya pili imezama ndani ya mafuta ya breki kwenye chupa. "Shika!" Anafungua robo duru, povu linatoka, anafunga. "Achilia!" Ukiachilia mkono kabla ya nati kufungwa, mfumo unavuta upepo upya na mnaanza mwanzo. Mwiteane kwa sauti, hata kama majirani watacheka. Na wa juu atazame kikopo cha mafuta ya breki cha pikipiki kila baada ya mara chache, kisiishe.

Mafuta yenyewe soma kwenye kifuniko cha kikopo. Pikipiki zetu nyingi zinatumia mafuta ya daraja la DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo, ingawa DOT 5.1, jina likikaribiana, ni ya ukoo wa DOT 4. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Ukiteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu ukiwa umeegemea breki njia nzima, maji hayo yanageuka mvuke na mkono unashuka bila kushika kitu. Shuka na gia, na mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana, hata kama imebaki nusu, usiitumie. Yakidondokea rangi ya tangi, mwagia maji mara moja, kwani yanaibabua.

Kuna jambo linaniuma kila nikikaa stejini. Vijana wengi wamefundishwa kwamba breki ya mbele inarusha mtu, basi hawaigusi, na wengine wameilegeza kabisa. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Kinachorusha ni kuinyakua ghafla, au kuishika ukiwa umekata kona kwenye mchanga. Ifanyie mazoezi asubuhi ya Jumapili kwenye barabara tupu, polepole, ukiikamua badala ya kuinyakua. Na pedi au viatu vikiwa vipya, enda taratibu kilomita 150 hivi za kwanza, kwa sababu bado havijakaa sawa na chuma.

Vipo vitu ambavyo hatuvigusi uani. Diski iliyochongwa "MIN TH" ikiwa nyembamba kuliko namba inayofuata maneno hayo, tunanunua nyingine. Kalipa inayovuja, mpira wa mafuta uliopasuka, dramu yenye mfereji, hivyo vinakwenda kwa fundi. Na huko pia tunakwenda wawili. Fundi akimaliza, mwenzako achuchumae na tochi, amwombe kwa heshima, "Fundi, hebu nionyeshe pini ya huku nyuma." Fundi mzuri hachukii kuulizwa hivyo. Wetu wa Kariobangi sasa anatuonyesha kabla hatujafungua mdomo.