Maswali yenu wiki hii: mteja wako unamjua au umemzoea tu?

Haya jamani, meseji zenu ni nyingi, nimechukua tano tu maana mwenyewe nina nguo za watu mezani. Kwa wageni, mi nashona na kuuza vitenge Sinza, biashara sijaisomea popote, najibu kwa niliyoyaona dukani.

Nina saluni Mbagala Rangi Tatu. Wateja wanasukwa, wanasifia, afu hawarudi. Na bei yangu iko chini kuliko wenzangu. Nakosea wapi?

Dada achana na bei kwanza. Mteja wako wa mwisho jana anaitwa nani? Ukinijibu "yule mweupe mwenye mtoto" basi tatizo tumeshalipata. Mi nina kaunta buku la kawaida, kila mteja na ukurasa wake, juu vipimo, chini naandika aliyoyasema akiwa amekaa pale kwenye stuli. Kuna mama anatoka Tabata, ukurasa wake umeandikwa: shingo isibane, zipu ya mgongoni hataki maana anavaa mwenyewe hana wa kumfungia, mwanae anafanya mtihani wa la saba. Aliporudi Novemba matokeo yameshatoka nikamwekea zipu ubavuni bila kuambiwa, nikamuuliza mtoto vipi, kafaulu? Alikaa karibu saa nzima ananihadithia mi naendelea kupindisha vitenge, na wiki iliyofuata kaja na wadogo zake wawili. We andika alisukwa nini, rasta namba ngapi, ukimkaza kichwa kinamuuma au la. Afu ikifika kama wiki ya tano mtumie meseji kwa jina lake, muulize zimeanza kulegea? Hilo tu, usimbandikie na tangazo la ofa.

Nauza viatu vya mtumba Karume. Kila asubuhi natuma picha kwa watu kama 200 kwenye broadcast ya WhatsApp, wanaojibu watatu. Nifanyeje?

Kaka, wengi hata hawazioni. Broadcast inabeba watu 256 kwa listi moja na inamfikia tu yule aliyeisevu namba yako, wewe kumsevu yeye haitoshi. Kwahiyo mtu akishalipa, kabla hajaondoka, mwambie akusevu hapohapo, mtumie na picha ya kiatu alichonunua ili akumbuke we ni nani. Na hizo picha arobaini kila asubuhi punguza bwana, zinamaliza bando za watu. Anayevaa 41 mtumie za 41. WhatsApp Business ina lebo, wapange kwa saizi, kazi ya jioni moja. Na namba za wateja usimgawie mtu, hata rafiki yako anayeuza pochi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria ukiiweka pembeni bado mteja atajua tu namba yake imetoka kwako.

Msichana wangu wa kazi kaacha, kafungua lake mtaa wa pili na wateja wamemfuata. Niwarudisheje?

Pole. Ila hao walikuwa wateja wake, we ulikuwa na fremu. Wapya wapokee mwenyewe.

Nina genge Tandika. Majirani wanakopa, nikiwadai wananuna, nikikataa wanaenda kwingine.

Hili gumu na sitakudanganya, mi mwenyewe nimeliwa. Kukopa harusi kulipa matanga, wahenga walishamaliza. Nilichokuja kugundua ni kwamba mtu akiwa na deni lako anaanza kupita njia ya nyuma, kwahiyo umekosa hela na mteja umemkosa. Weka kiwango kidogo ambacho hata asipolipa hakikuumizi, andika mbele yake aone, na hapohapo muulize utalipa siku gani, aitaje yeye. Siku ikifika mkumbushe kwa simu au mkiwa wawili, sio mbele za watu wanachagua nyanya. Deni la zamani halijaisha, jipya hakuna, ila nyanya za hela yake muuzie kwa uso uleule.

Natengeneza fanicha Keko. Kitanda cha mteja kimechelewa wiki mbili, anapiga simu naona aibu kupokea.

Kaka yangu, mi nishawahi kuchelewesha gauni la sendofu nikazima simu kabisa. Bi harusi mtarajiwa alikuja mwenyewe na bodaboda, anatoka jasho, akalikuta gauni halina hata mikono. Unajua alichokasirikia? Sio mikono. Alisema ungeniambia juzi ningeazima kwa dada. Nililimalizia usiku ule ule na hela ya ufundi sikuchukua, ila hajarudi tena, nikimpigia anapokea vizuri, salamu anaitikia, basi.

Kwahiyo piga leo kabla hajapiga yeye. Mtumie picha ya kitanda kilivyo sasa hivi hata kama ni mbao tupu, mwambie kilichokukwamisha bila kuzungusha, afu mtajie siku unayoiweza kweli, ongeza na mbili juu. Na usimwambie kesho. Kesho ya fundi Dar nzima inaijua.