Nakatwa ada ya chama, naambulia fulana ya Mei Mosi

SWALI: Shikamoo mzee. Ninachuma chai huku Mufindi, huu mwaka wa sita. Kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, na sijawahi kujaza fomu yoyote. Nilichoambulia ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Kiongozi wa tawi akiulizwa anasema "ni sheria." Nijitoe?
Mchuma Chai, Mufindi

JIBU: Marahaba binti yangu, kamwene.

Kiongozi wako amekupa nusu ya jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe, kwa kuwa nyongeza ikipatikana naye anaila. Lakini chama lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa hapo, na kiwe kimesaini makubaliano ya ada hiyo na mwajiri. Tena hela yenu ikae akaunti ya peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapohapo. Wewe hukujaza fomu, si mwanachama, kwa hiyo huwezi kujitoa usikoingia.

Umeuliza faida. Nilikuwa mwenyekiti wa tawi kwenye shamba moja la chai. Karani wa mizani alikuwa akikata kilo 2 kila pimo, eti uzito wa kapu na umande. Siku moja tukalipandisha kapu tupu mbele ya meneja: halikufika hata kilo moja. Na umande gani saa nane mchana, jua la utosi? Kwa kilo hiyo moja na ushei iliyokatwa bure, mchumaji anayepima mara tatu kwa siku alikuwa anapoteza zaidi ya kilo 75 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Tukaliingiza kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri: kapu lipimwe tupu, umande ukatwe pimo la asubuhi tu. Hatukupigiwa makofi, ila hilo lililisha watoto kuliko nyongeza ya mshahara ya mwaka ule.

Nilikoshindwa ni kwenye mashine. Mshahara ulipopanda, mwenye shamba alipiga hesabu zake akaleta mashine za kuchumia, watu wakapunguzwa. Simlaumu sana, bei ya mnadani haipangwi Mufindi. Najilaumu mimi, maana mkataba wetu haukuwa na mstari hata mmoja kuhusu mashine. Tukabaki na kiinua mgongo cha sheria: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Hicho ni cha chini kabisa. Zaidi tungedai mapema, wakati mikono yetu bado inahitajika.

Jaza fomu binti yangu, upate kura, kwa sababu kukatwa unakatwa tayari. Mkutano wa tawi ukiitwa, omba nakala ya mkataba wa hali bora, utafute neno "mashine" humo ndani. Lisipokuwepo, usikae chini. Na fulana wakikupa pokea, baridi ya Juni ya Mufindi unaijua.